Askari wa Mezani na Njaa ya Kilombero

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao jioni huketi chini ya taa wakiwa na brashi nyembamba mkononi, wakipaka rangi askari mwenye kimo cha milimita 28. Hupaka koti, mkanda wa risasi, buti na vifungo. Askari mmoja huweza kuchukua saa nzima. Jeshi kamili huchukua miezi. Kazi ikimalizika, majeshi mawili hupangwa juu ya meza yenye vilima, mito na vichaka vya kutengenezwa kwa mkono, na wachezaji hupigana vita kwa kufuata kanuni zilizoandikwa, kwa kipimo cha rula na, mara nyingi, kwa kurusha dadu.

Wengine hupanga majeshi ya Warumi, wengine ya Napoleon, wengine ya Salahuddin na Wasalibu. Wapo pia wanaopanga majeshi yasiyopata kuwako duniani: mazimwi, majoka na viumbe vya kubuni. Vita vya Afrika Mashariki navyo vimo katika orodha hiyo. Askari wadogo wa jeshi la Wajerumani na wa King's African Rifles hutengenezwa, huuzwa na hupakwa rangi na watu ambao wengi wao hawajapata kuuona mto Kilombero wala vilima vya Mahenge.

Mchezo huu si maarufu Ifakara, wala hatuna haja ya kudai kuwa ni maarufu. Lakini watoto wetu huuona katika simu, na wazazi wana haki ya kuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mchezo wa namna hii unafaa nyumba ya Muislamu? La pili, ikiwa wageni wanaicheza historia ya bonde letu mezani, je, wanaicheza yote, au wanacheza ile sehemu tu inayopendeza machoni?

Ulikotoka mchezo huu

Askari wa kuchezea ni wa kale, lakini biashara yake ilikua katika karne ya 18 katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, ambako mafundi walimimina bati katika kalibu na kupata askari bapa, wembamba kama sarafu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kuuza askari wa madini ya risasi walio wazi ndani, ambao walikuwa wepesi na wa bei nafuu zaidi.

Mchezo wa vita wenyewe ulikuwa na asili nyingine. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo alioubuni baba yake na yeye akauboresha. Ulichezwa juu ya ramani, na vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo vya rangi mbili, visivyo na sura wala viungo vya mwanadamu. Mkuu wa makao makuu ya jeshi alipouona, aliuona kuwa ni chuo cha vita, na maofisa wakaanza kufundishwa kwa mchezo huo. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa nchi hiyo, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza kuziacha dadu na majedwali, na badala yake mwamuzi mwenye uzoefu asikilize amri za pande zote mbili, kisha aamue kwa akili na elimu yake kilichotokea. Tuiweke akilini habari hii ya mwamuzi, kwani tutairudia.

Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells ndiye aliyeuingiza mchezo huu majumbani. Mwaka 1913 alitoa kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo yenye springi, iliyorusha vipande vya mbao. Katika kitabu hicho Wells alieleza kuwa mtu akiucheza mchezo huo mara chache tu atatambua jinsi vita vya kweli vilivyo jambo la upumbavu. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia katika vita vikuu, na vita hivyo vilifika hadi Mahenge.

Katika miaka ya 1960 mchezo ulipata vitabu na vyama vyake. Mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa Warhammer, mchezo wa majeshi ya kubuni, ambao leo una wafuasi katika nchi nyingi.

Dini inasema nini?

Hofu ya kwanza ya mzazi wa Kiislamu ni sanamu, na hofu hiyo ina msingi, kwani makatazo ya kutengeneza sanamu za viumbe wenye roho yamethibiti katika hadithi sahihi. Hata hivyo, katika hadithi hizo hizo kuna habari za michezo ya watoto. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bibi Aisha (RA) alikuwa akicheza na wanasesere katika nyumba ya Mtume (SAW), na wenzake wakija kucheza naye. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume aliporejea safarini aliona miongoni mwa wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Alipouliza habari zake, Bibi Aisha alimjibu kuwa farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa na mbawa, na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Tena imepokewa kuwa masahaba waliwatengenezea watoto wao vitu vya kuchezea kwa sufi, ili kuwasahaulisha njaa siku ya funga ya Ashura.

Kutokana na habari hizi, wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, ingawa wapo walioona kuwa ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Tofauti hiyo ni ya elimu, na anayetaka yakini amwendee shekhe wake. Lakini tuzingatie kuwa ruhusa hiyo ni ya mchezo wa mtoto. Sanamu kamili inayowekwa sebuleni kwa heshima na mapambo ni jambo jingine, na hukumu yake haifanani na ya mwanasesere anayeburuzwa sakafuni. Kwa anayetaka kujiepusha na shaka yote, Reisswitz mwenyewe ameonyesha njia bila kukusudia: vipande visivyo na uso vinatosha kuendesha vita vizima.

Hofu ya pili ni dadu, na hapa jambo ni zito zaidi. Muslim amepokea onyo kali la Mtume kwa mwenye kucheza mchezo wa dadu uitwao nardashiri, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika Afrika Mashariki, ni kuwa mchezo huo ni haramu. Sataranji, ambayo msingi wake ni fikra, Shafii ameiona kuwa ni makuruhu, maadamu haina kamari wala haimsahaulishi mtu swala. Basi mchezo wa vita unaotegemea dadu una tatizo, na mchezo wa vita unaotegemea fikra na mwamuzi uko karibu zaidi na sataranji. Kuacha dadu hakuuvunji mchezo. Verdy du Vernois aliziacha mwaka 1876 kwa sababu za kijeshi tu, na wanafunzi wake waliendelea kujifunza.

Hofu ya tatu ni maudhui. Katika baadhi ya majeshi ya kubuni kuna miungu ya uongo, mashetani na alama za kuabudiwa. Farasi mwenye mbawa ni mchezo wa mtoto, lakini sanamu ya mungu wa kubuni, hata ikiwa na kimo cha milimita 28, si kitu cha kuleta nyumbani. Mzazi atazame kabla ya kununua. Halikadhalika, vita vya Mitume na masahaba visifanywe vijisanamu, kwa heshima ya watu hao. Na askari wa zamani wa madini ya risasi wasipewe watoto kabisa, kwani madini hayo yakiingia mwilini huidhuru akili ya mtoto.

Kilichotokea bondeni

Sasa tugeukie swali la pili. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na katika muda wa wiki chache vikafika Kilombero. Katikati ya Agosti wapiganaji walikiangamiza kikosi kidogo cha askari kilichokuwa Ifakara, na njia ya Mahenge ikawa wazi. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji, Wambunga na Wapogoro miongoni mwao, waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuwa na mikuki, magobori na imani kuwa maji waliyopewa yangezuia risasi. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki za rashasha. Mamia walianguka mbele ya boma hiyo. Boma ilizingirwa hadi Septemba, kikosi cha msaada kilipofika kutoka Iringa.

Kwa mchezaji wa mezani, habari hii ina kila kitu: ngome, mzingiro, msaada unaokimbizana na muda. Anaweza kuipanga jioni moja na kuimaliza kabla ya kulala. Lakini kwa watu wa bonde, siku ya Mahenge ilikuwa mwanzo tu. Wakuu wa jeshi la Wajerumani waliamua kuwa njaa ndiyo silaha itakayowashinda watu wa kusini. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mazao yakaharibiwa mashambani. Serikali ya Wajerumani ilikadiria kuwa watu 75,000 walikufa; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo. Wengi waliuawa na njaa na maradhi yaliyofuata. Mashamba yaligeuka pori, na wanyama wa mwituni wakarudi mahali palipokuwa na watu.

Waislamu walikuwamo pande zote mbili. Wapo waliochukua maji na kupigana, na wapo wengi katika askari waliotumwa kuwapiga, kwani jeshi la Wajerumani lilianza mwaka 1889 kwa askari walioandikwa Misri, wengi wao wakiwa Wasudani, na Uislamu ulikuwa na nguvu katika kambi zake. Ni historia isiyoturuhusu kuwagawa wahenga wetu kwa rangi mbili za mezani.

Miaka tisa baada ya shambulio la Mahenge, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliwafukuza Wajerumani nchini kote, na tarehe 9 Oktoba 1917 askari wa Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Mahenge. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliendelea kukimbia na kupigana hadi aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika vitabu vya wapenzi wa vita, jemadari huyu husifiwa kwa werevu wa kuwakwepa maadui wengi akiwa na askari wachache. Askari wake wadogo huuzwa na kupakwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Wapagazi, wakiwapo mezani, mara nyingi ni pambo la nyuma ya safu.

Hesabu ya mpagazi

Mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe wa kukokota, na reli hazikufika kila mahali. Basi majeshi yote yalibebwa kwa vichwa vya watu. Hebu tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Tuchukulie mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na anakula kilo moja kwa siku. Askari wako umbali wa siku kumi. Mpagazi atakula kilo 10 akienda na kilo 10 akirudi. Atakazowaachia askari ni kilo tano tu.

Sasa, askari 100 wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji kilo 100 kwa siku, yaani wapagazi 20 wawasili kila siku. Na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 20, lazima wapagazi 400 wawe njiani wakati wote ili askari 100 wapate kula. Umbali ukiwa siku 12, mpagazi huacha kilo moja tu. Ukiwa siku 13, hesabu haikubali tena: ama mpagazi anyimwe chakula, ama chakula kichukuliwe kwa nguvu katika vijiji vya njiani. Yote mawili yalitendeka.

Hesabu za upande wa Waingereza peke yake zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Jina la Kariakoo, soko ambalo wafanyabiashara wa mchele wa Ifakara wanalijua vizuri, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Watu huenda Kariakoo kila siku, na wachache hukumbuka kuwa wanalitaja jeshi la watu waliobeba mizigo hadi wakafa.

Mchezo wa mkekani

Tunaona basi kuwa mchezo huu unaweza kuwa na faida ukirekebishwa, na familia ya Kilombero ina kila kinachohitajika bila kuagiza chochote ng'ambo. Watoto wa vijijini hufinyanga ng'ombe na magari kwa udongo tangu zamani. Wafinyange vipande vidogo visivyo na uso: mche wa pembe tatu uwe askari, tufe liwe mpagazi, sahani bapa iwe kijiji chenye ghala. Vikauke kivulini siku kadhaa ili visipasuke, kisha vichomwe. Chokaa itatoa rangi nyeupe, mkaa uliosagwa utatoa nyeusi, udongo mwekundu utatoa yake. Anayepaka kwa utulivu hujifunza subira, na subira hiyo itamfaa katika hati yake ya Kiarabu na ya Kiswahili vilevile.

Uwanja uwe mkeka. Kanga ya buluu iliyokunjwa iwe mto Kilombero, unaokutana na Luwegu kufanya Rufiji. Pumba za mpunga ziwe mbuga, mawe yawe Udzungwa upande mmoja na Mahenge upande mwingine. Watoto waonyeshwe mahali lilipo leo daraja lililofunguliwa mwaka 2018, na waelezwe kuwa jeshi la 1917 halikuwa nalo. Punje za mchele ziwe chakula, na kila zamu kila kipande kile punje yake. Kisichokula kiondolewe mkekani.

Mwamuzi awe babu, bibi au mwalimu. Yeye ndiye atakayesema masika yameanza, mbuga imefurika, safari ya siku mbili sasa ni siku tano. Asitumie dadu, atumie anayoyajua kuhusu bonde, na hapo wajukuu watajifunza mambo ya mafuriko na njia za zamani ambayo kitabu hakina. Hakutakuwa na dau la fedha wala la soda, na adhana ikisikika mchezo utasimama ulipofika.

Tukumbuke pia kuwa sisi si wageni wa michezo ya fikra. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 ni mchezo wa kuteka na kulinda nyumba. Halina dadu wala sanamu, na wazee wetu wamelicheza barazani vizazi na vizazi. Mtoto anayejua kuhesabu kete za bao hatashindwa kuhesabu punje za wapagazi.

Mchezo wa aina hii hautamfanya mtoto apende vita. Atakapoona kuwa ili askari mmoja afike Mahenge ilibidi ghala la kijiji fulani libaki tupu, ataelewa jambo ambalo askari aliyepakwa rangi vizuri hawezi kumwambia. Na mchezo ukiisha, mzazi aulize kama katika ukoo wao yuko aliyesimuliwa kuwa alibeba mizigo ya vita, au aliyezikwa njiani, au aliyekimbilia porini mwaka wa njaa. Jina likipatikana, liandikwe daftarini pamoja na jina la aliyesimulia, kabla msimulizi naye hajaondoka. Kisha watoto wafundishwe kuwaombea dua wazee wa ukoo wao waliotangulia, kwani wengi walizikwa mahali ambapo hakuna aliyeweka jiwe.

Wallahu aalam.